Saa Yangu, Saa Yako

Hivi umewahi kukosana na mpenzi wako kwa sababu ya saa moja tu? Sizungumzii kuchelewa miadi kwa ajili ya foleni ya Mwenge, la hasha. Nazungumzia saa moja iliyopotea kati ya London na Dar es Salaam, nusura iondoke na uchumba wangu.

Ilikuwa Oktoba 2013. Nilikuwa London nasoma shahada ya pili, na mwenzangu nilimwacha Dar na ahadi kemkem. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: kila Jumapili tunaonana kwa Skype, kwangu saa moja jioni, kwake saa tatu usiku. Lakini Jumapili ya tarehe 27 haikuwa ya kawaida. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Tanga ili anione, japo kwenye kompyuta, kabla wazee hawajaleta posa kwetu. Si unajua tena mambo ya mama mkwe! Ijumaa nikasuka, Jumapili nikajifunga kilemba, na saa moja kamili nikapiga, sikuchelewa hata dakika.

Alipokea yeye mwenyewe, uso umemkunjamana. Mama alishalala.

"Tumekusubiri saa nzima," akaniambia. "Mama kakaa hapa na khanga yake mpya mpaka kachoka."

Nikamjia juu. Nimechelewaje wakati saa moja ndiyo hii? Tukabishana mpaka bando lake likakata. Kesho yake ndipo nilipoelewa. Usiku wa kuamkia Jumapili ile Waingereza walikuwa wamerudisha saa zao nyuma, kama wanavyofanya kila mwisho wa Oktoba. Tofauti yetu ya saa mbili ikawa saa tatu. Mimi nilichofurahia ni kulala saa moja zaidi. Kumwambia mwenzangu, aliye kwenye nchi ambayo haigusi saa zake mwaka mzima, hata halikunijia akilini.

Nikamwandikia ujumbe mrefu wa kujieleza. Akajibu: "Sawa." Wanawake wenzangu mnaijua hiyo "sawa". Jumatano ndipo alipofunguka. Mama alisema msichana anayechezea muda wa watu akiwa mbali, akishaingia ndani ya nyumba itakuwaje? Habari ya posa ikawa imesimama.

Nikiwa na hali hiyo, Jumamosi ya tarehe 2 Novemba wanafunzi wenzangu wakanivuta twende kutembea Greenwich, mtaa wa kale ulio kando ya mto Thames. Kwanza wakanicheka nilivyolitamka. Kumbe watu wanasema "Grenichi", na hiyo "w" ni pambo tu!

Tulipanda treni isiyo na dereva (nilikaa kiti cha mbele kabisa kama mtoto) tukashuka ng'ambo ya mto, halafu tukavuka kwa miguu. Ndiyo, kwa miguu, chini ya maji. Kuna njia ya chini kwa chini iliyofunguliwa mwaka 1902 ili vibarua wa bandarini waweze kwenda kazini. Ina urefu wa karibu mita 370, kuta za vigae vyeupe, na sauti yako inakurudia. Nikakumbuka foleni ya pantoni la Kigamboni, nikamkumbuka na mtu wangu, moyo ukanyong'onyea tena.

Ukitokeza upande wa pili unakutana uso kwa uso na Cutty Sark, jahazi la mwaka 1869 lililojengwa kubeba chai kutoka China. Liliungua moto mwaka 2007, likakarabatiwa na kufunguliwa tena 2012, kwa hiyo siku ile liling'aa kama bibi harusi. Mbele kidogo kuna majengo meupe yenye minara pacha, ambako zamani mabaharia wazee na walemavu walitunzwa. Kisha unaanza kupanda kilima, pumzi zinakata, na huko juu ndiko kilipo kituo cha kuangalia nyota alichokianzisha mfalme Charles wa Pili mwaka 1675.

Getini pana saa ya ukutani, kubwa, ya mwaka 1852. Ina namba 24 badala ya 12. Na saa hiyo haibadilishwi wakati wa kiangazi. Waingereza wote wakisogeza zao mbele, yenyewe inabaki palepale. Tulifika adhuhuri, nikaona mshale umesimama wima kuelekea chini, mahali ambapo kwenye saa yangu ya mkononi pana sita. Nikamwambia Mghana niliyekuwa nasoma naye, "Sisi kwetu hii ni saa sita, na leo hata saa yao imekubali!" Akacheka. Kwao Ghana hawana shida hiyo. Mstari wa Greenwich unapita Tema, na majira ya baridi saa ya Accra na ya London ni moja. Mchumba wake hajawahi kumsubiri hata dakika, nikawaza kwa wivu.

Ndani, watu walipanga foleni wapige picha, mguu mmoja mashariki na mwingine magharibi ya ule mstari ambao mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka 1884 uliuchagua kuwa sifuri ya dunia nzima. Nikapiga yangu. Lakini kilichonikamata kilikuwa kwenye chumba cha saa za John Harrison.

Huyu bwana alikuwa seremala. Zama zile meli zilipotea baharini kwa sababu nahodha hakuweza kujua yuko umbali gani mashariki au magharibi ya kwao. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya uhakika. Jibu la Harrison, ukilisikia, ni rahisi: beba saa ya nyumbani. Ukilitazama jua ulipo, utajua muda wa hapo ulipo. Ukiitazama saa uliyobeba, utajua nyumbani ni saa ngapi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inakuambia umefika wapi. Kazi ilikuwa kuunda saa isiyopoteza majira katikati ya mawimbi, na ilimchukua miaka karibu 30 kufikia ile ya nne, ndogo, ya kushika kiganjani.

Nilisimama pale nikaona haya. Kwa sababu kila Jumapili mimi nilisema "saa moja", yaani saa moja yangu. Aliyekuwa akipiga hesabu ni yeye. Aliyekuwa akikatisha chakula cha usiku ni yeye. Mimi sikuwahi kubeba saa yake hata siku moja.

Juu ya paa la kituo kile kuna mpira mwekundu ambao tangu mwaka 1833 unadondoshwa kila siku saa saba kamili mchana, ili meli zilizokuwa mtoni zirekebishe saa zao. Tukatoka nje kuusubiri. Saa saba kasoro dakika tano ukapanda nusu ya mlingoti, kasoro mbili ukafika kileleni. Nikamtumia ujumbe: "Nakupigia saa kumi kamili jioni, saa yako. Naomba mama awepo." Mpira ukashuka. Nikapiga kwa kadi ya simu, mikono inatetemeka, si kwa baridi tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko saa ngapi?"

"Saa saba mchana, mama. Hapo ni saa kumi."

Nikamweleza yote, bila kujitetea. Akanyamaza kidogo, nikadhani kadi imeisha. Kisha akasema, "Mimi saa za Wazungu sizijui. Lakini wewe unazijua. Ungesema tu."

Sikuwa na la kujibu zaidi ya "Nisamehe mama." Akaguna, akaniuliza kama nimekula. Hapo nikajua nimepona.

Kabla ya kurudi nilipitia sokoni nikanunua saa ya mkononi ya bei poa, nikaitega majira ya Dar, nikaivaa mkono wa kulia mpaka nilipomaliza masomo. Watu walinishangaa, nikawaacha washangae. Posa ililetwa Januari.

Kwa hiyo wewe uliye Manchester au Leicester na mtu wako yuko Mbezi au Mombasa, weka alama kwenye kalenda: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwambie mapema. Na ukipanga naye muda wa kuongea, mtajie saa yake kwanza.