Madabodi ya Marehemu Baba Ndani ya Kasha la Kisasa

Huenda nyumbani kwenu kuna kompyuta kuukuu ambayo kila Desemba mnakubaliana itupwe, na Januari ikifika bado iko pale pale juu ya kabati. Kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, nakuomba dakika chache.

Yetu ni 486 ambayo marehemu baba, aliyekuwa mwalimu, aliinunua mwaka wa 1996 ikiwa tayari imetumika. Jioni alikuwa akimketisha nyanya kando yake, naye nyanya akisimulia ukoo wetu ulikotoka, nani alimwoa nani na kwa mahari gani, huku baba akipiga chapa kwa vidole viwili. Wote wawili wametutoka. Disketi alizotunzia masimulizi hayo ziliota ukungu, na paa la stoo likavuja hadi kasha la mashine likaoza kwa kutu. Kilichosalimika ni diski ngumu na madabodi, yaani lile bamba kubwa la kijani ambalo sehemu zote za kompyuta hushikamana nalo.

Fundi mmoja mjini aliiunganisha diski hiyo na kompyuta yake kwa kebo ya USB, wala haikuonekana. Hilo si ajabu. Kebo nyingi za aina hiyo hutaka diski inayofahamu mtindo mpya wa kuhesabu mahali data ilipo, na diski nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 haziufahamu. Njia ikabaki moja tu: kuifufua mashine yake yenyewe, ndani ya kasha jipya.

"Baba, litaingia kweli?" binti yangu mwenye umri wa miaka 11 aliniuliza.

Swali zuri. Madabodi za enzi ile zilifuata kipimo kilichotokana na kompyuta ya IBM AT ya mwaka wa 1984. Makasha unayoyaona madukani leo hufuata kipimo cha ATX, ambacho Intel ilikitoa mwaka wa 1995. Ungedhani ni mbingu na ardhi, lakini la hasha! Waliobuni ATX waliacha nafasi za kadi pale pale, zikiachana kwa milimita 20.32 kama zamani, na baadhi ya matundu ya skrubu hayakuhamishwa. Tuliilaza madabodi juu ya bati la kasha, na matundu manne yakalingana sawasawa. Hata hivyo, pima kwanza, kwa kuwa zile ndefu hufika sentimita 33 na zinaweza kugongana na vyumba vya diski. Yetu ni fupi.

Sasa sikiliza hapa. Kasha jipya huja na vijiguu vya chuma vya kuinulia madabodi. Kila kijiguu kisicho na tundu juu yake lazima kifunguliwe, maana kikigusa mistari ya shaba iliyo chini ya bamba, umeme utapita pasipotakiwa. Mahali bamba linaponing'inia bila tegemeo, weka kijiguu cha plastiki. Na ikiwa kuna kitu cha kukatwa, kata kasha. Makasha yamejaa Luthuli Avenue, lakini madabodi kama hii hazitengenezwi tena, na mtu anayelitoboa tundu jipya ili skrubu ipite namwona kama anayemkata mtu mguu ili aenee kitandani.

Kwa nyuma, ATX ina dirisha refu la mstatili, ilhali bamba letu lina soketi moja tu ya duara, ya kibodi. Fundi wa jua kali alitukatia kipande cha bati chenye tundu moja, akalainisha kingo kwa tupa. Kazi ya nusu saa.

Umeme ndio ulioninyima usingizi. Katika mashine za zamani, swichi ya mbele ilikuwa ikikata na kuwasha umeme wenyewe wa ukutani, volti 240, kupitia waya nene zilizopita ndani ya kasha. Kitufe cha kasha la kisasa ni kidogo na hutoa ishara tu; ukikiunganisha na waya hizo, unamtegea mwanao mtego. Tulitumia kisanduku kipya cha umeme cha ATX pamoja na adapta inayoishia kwa plagi mbili za nyaya sita sita. Plagi hizo huchomekwa sambamba, nyaya nyeusi zikikutana katikati. Ukizibadilisha nafasi, kwaheri madabodi! Kuwasha, waya wa kijani huunganishwa na mweusi kupitia swichi inayobaki chini ukiibonyeza, kwani kitufe cha kawaida huruka juu mara tu unapokiachilia.

Betri ndogo ya mviringo iliyolehemewa kwenye bamba tulikuwa tumeing'oa mapema. Hizo huvuja na kula shaba polepole, hata mashine ikiwa imezimwa. Tulipangusa alama za kijani kwa siki kidogo, tukasafisha, tukaacha bamba likauke.

Tulipowasha, skrini ilianza kuhesabu kumbukumbu. Kwa kuwa betri haikuwapo, mashine haikujua diski yake. Ilibidi binti yangu asome tarakimu zilizobandikwa juu ya diski nami nizichape moja moja. Kisha diski ikanguruma, na orodha ikatokea: NYANYA1 mpaka NYANYA9, zote za WordPerfect 5.1. Tumezinakili kwa disketi mpya, na LibreOffice, programu ya bure, inazisoma bila taabu kwenye kompyuta ya kisasa. Katika ya pili nyanya anasimulia jinsi alivyotoroka kuolewa mara ya kwanza, jambo ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyelijua, na shangazi zangu wamekuwa wakipigiana simu wiki nzima.

NYANYA7 imekataa kufunguka. Mashine bado iko mezani, kifuniko wazi, na mke wangu anauliza tutakula wapi.