Maji ya Jirani Katika Mchuzi

Miongoni mwa mambo ambayo Mtume wetu S.A.W. alimuusia sahaba wake Abu Dharr R.A., limo moja la jikoni. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba alimwagiza, apikapo mchuzi, azidishe maji yake, kisha awaangalie watu wa nyumba za jirani na kuwapelekea kwa wema. Hadithi hii ni fupi, na watoto wetu wa chuo huihifadhi kwa siku moja. Nami nimeisomesha zaidi ya miaka ishirini na mitano hapa Ngamiani, Tanga, pasipo mtu kuniuliza neno juu yake, hata siku aliponiuliza mwenye jiko.

Ulikuwa mwaka 2022, na wasomaji hawana haja ya kukumbushwa jinsi vitu vilivyopanda mwaka ule, mafuta ya kupikia yakiwa mbele. Mshahara wa mwalimu wa madrasa ni ada za watoto, na ada huja zitakapo. Kilo ya nyama tuliyozoea kununua kila Alhamisi ikawa nusu kilo, na sisi mkekani ni watu wanane. Zaidi ya hao yuko Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, mjane aliyezikwa watoto wake wote mbele ya macho yake, ambaye tangu tulipohamia mtaa ule bakuli lake halijakosa kutoka kwetu usiku wa kuamkia Ijumaa. Mama watoto akaniambia, "Maalim, nyama hii sisi wenyewe haitufikii. Tuache bakuli mpaka mambo yatengenee." Nikamkumbusha Hadithi. Akanijibu kwa adabu, lakini akanijibu: "Hadithi naisadiki, wala sina neno nayo. Lakini si umesema mwenyewe kwamba apelekewe kwa wema? Wema gani huo, kumpelekea mtu mzima maji yenye rangi?"

Neno lake lilikuwa la haki, na maneno yenyewe ya Hadithi yalikuwa upande wake. Mchuzi uliotiwa maji mwishoni, nyama ikiwa imekwisha kuiva na wageni wako mlangoni, si mchuzi tena. Maji hukaa peke yake, mafuta peke yake, na nyanya huzama chini kama mchanga. Mwenye kupelekewa hujua mara moja kwamba yeye ndiye aliyeongezewa.

Ziko dawa ambazo watu wa mjini hutumia kwa maradhi haya. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kile kidonge cha mchuzi kiuzwacho kila duka. Kinavunjwa, kinatiwa, na maji yote yanapata ladha kwa dakika moja. Nyumbani kwangu dawa hiyo imefungwa mlango, kwani mama watoto ana presha, na daktari amemkataza chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Vidonge vile, ukisoma karatasi yake, chumvi huwa ndiyo ya kwanza kutajwa. Basi ikawa hatuna budi kutafuta njia nyingine, ama bakuli la Bi Mkubwa likome.

Njia niliikumbuka kutoka chuoni. Katika miaka ya 1980, mwanafunzi wa chuo hakwenda kwa mwalimu kusoma tu, bali aliteka maji, alichanja kuni na kupuliza moto. Mimi zamu yangu aghlabu ilikuwa moto, na kwa hivyo nilikaa saa nyingi karibu na chungu cha mke wa mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyumba ile ilikuwa ya watu wengi na nyama kidogo, wala sikumbuki kuona mchuzi mwepesi. Siri yake ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: maji ya watu wote aliyatia mwanzo, pamoja na mifupa. Baada ya hapo hakuongeza hata kikombe.

Basi nikaingia jikoni Alhamisi ile. Najua wako vijana ambao husikia haya wakacheka, ati mwalimu wa chuo ashika mwiko. Hao nawaomba wamsome Bibi Aisha R.A. alipoulizwa Mtume S.A.W. alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, kisha waendelee kucheka wakiweza.

Kwa mchinjaji sikuomba nyama ya paja, ambayo ni ghali na haina kitu. Niliomba nusu kilo ya kidari yenye kano, na mfupa mmoja wa goti uliopasuliwa, ambao wengi huwaachia paka. Nyama hizi ngumu ndizo zenye faida kwa mchuzi. Ndani yake mna ngozi na kano ambazo, zikichemka kwa moto wa pole saa mbili au tatu, huyeyuka zikawa utomvu. Ukitaka kuhakikisha, teka supu kijiko kimoja uiache ipoe sana. Ikiganda kama uji wa muhogo, jua maji yako yamekuwa chakula. Ikibaki maji, rudisha kifuniko usubiri. Moto ukiwa mkali nyama hukakamaa na supu huchafuka, kwa hivyo jiko la gesi liwekwe chini kabisa, na wenye mkaa waupangue.

Nilitia lita tatu za maji, thomu na tangawizi zilizopondwa, pilipili manga nzima, kijiti cha mdalasini, na chumvi nusu ya kijiko cha chai tu. Lita moja katika hizo ilikuwa ya Bi Mkubwa tangu bismillahi.

Nyanya ndizo kazi ya pili, na hapa ndipo wapishi wengi wa siku hizi wana haraka. Sisi watu wa Tanga tuna neema, kwani Lushoto i juu yetu na nyanya zake hushuka kila siku. Kwa mchuzi sinunui zile ngumu za kung'aa. Nangoja alasiri, wauzaji wakitaka kurudi kwao, nikanunua masalo, yaani zile zilizolegea na kupasuka kwa kuiva, ambazo bei yake ni ya kutupa. Zenye ukungu zitupwe kweli, lakini zilizolegea tu ndizo tamu kuliko zote. Kilo moja na nusu hutosha nusu kilo ya nyama. Nazikwaruza kwenye kikwaruzo mpaka ganda libaki mkononi.

Kitunguu maji kikaangwe kwanza mpaka kiwe rangi ya hudhurungi, kisha thomu, kisha bizari na giligilani zilizosagwa, na mara tu harufu ipandapo nyanya zimiminwe. Tangu hapo ni kukoroga na kungoja, kifuniko kikiwa wazi. Mwanzo hutokota na kurusha matone ukutani. Baadaye hutulia, zikawa nzito, rangi ikageuka kutoka nyekundu ya damu hadi nyekundu ya matofali. Alama ya mwisho ni mafuta kujitenga na kuelea pembeni. Maana yake ni kwamba maji ya nyanya yamekwenda na utamu wake umebaki. Mpishi asiyengoja alama hii hupata mchuzi mchachu, na uchachu huo huuficha kwa chumvi. Mimi hungoja kama dakika arubaini. Nyanya iliyokaushwa hivi ina ladha nzito iliyo karibu na ladha ya nyama yenyewe, hata mtu akadhani nyama ni nyingi kuliko ilivyo. Mama watoto, aliyekuwa ameketi mlangoni akinitazama, alionja rojo lile kabla halijakutana na supu, akaniuliza chumvi nimetia kiasi gani. Nilipomwambia hakuna, alionja tena.

Nyanya yenyewe, wasomaji yafaa wajue, ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika, na Wahispania ndio walioileta Ulaya katika karne ya 16. Mchuzi wa masahaba haukuwa na nyanya, wala wa mababu zetu wa kale. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ukali ulitoka katika ndimu na pilipili zilizotiwa chumvi, na tangawizi mbichi, na maembe. Nyanya haimo, wala isingeweza kuwamo. Leo katika mji ule ule, Wasomali hula mchuzi wa nyama na nyanya waitao suugo pamoja na tambi, na jina hilo walilipata kwa Waitaliani waliowatawala. Wako watu wasemao kila kipya ni bidaa hata cha sahani. Mimi naona mgeni huyu amesilimu vizuri, akawapo leo kila Idi na kila maziko.

Rojo likiwa tayari, supu huchujwa na kumiminwa juu yake kidogo kidogo ingali moto, na nyama hurudishwa. Vyote hupikwa pamoja kama nusu saa, visipofunikwa sana. Viazi visitiwe vibichi katika mchuzi wa nyanya, kwani uchachu wa nyanya huvizuia kulainika. Mtu akavipika saa nzima bado vinagonga meno. Vichemshwe kwanza ndani ya supu, ndipo vihamie. Wapendao tui la nazi, nami ni mmoja wao, walitie mwisho kabisa kwa moto mdogo, wakikoroga upande mmoja, ama sivyo litakatika. Ndimu ikamuliwe sahanini, si chunguni. Na mchuzi ukibaki usilazwe katika sufuria ya alumini, kwani uchachu wa nyanya hula madini yake. Uhamishiwe bakuli la udongo au la kioo.

Mchuzi wa Alhamisi ile ulitoka mzito wa kushika tonge. Watu wanane walipata, kila mmoja vipande viwili vya nyama na kiazi, na hakuna aliyelamba sahani kwa njaa. Sisemi kwamba nyama iliongezeka, kwani nusu kilo ni nusu kilo. Lakini mkate wa boflo uliochovywa katika mchuzi wenye nguvu humshibisha mtoto kuliko kipande cha tatu. Gharama niliipiga hesabu na mama watoto, tukaona kwamba mkaa ulikuwa mwingi kuliko siku nyingine, na nyama, nyanya na mafuta vilikuwa pungufu. Tangu hapo twainjika supu asubuhi, jiko likiwa na moto wa chai, ili mkaa ule ule ufanye kazi mbili.

Bakuli la Bi Mkubwa yeye mama watoto hulijaza kwanza, kabla ya letu. Hilo ni shauri lake, wala sikumfundisha. Husema kwamba mwenye kuteka wa mwisho hupata cha chini, na cha chini chungu hukijua mwenyewe. Hutia vipande viwili kama vya mtoto wa nyumbani, hufunika kwa sahani, na binti yetu mdogo hulipeleka kwa mikono miwili kabla ya adhana ya magharibi.

Bi Mkubwa hajapata kurudisha bakuli tupu. Huliosha, akatia alichonacho: ndimu tatu za mti wake, siku nyingine kitita cha kotimiri kilichofungwa kwa uzi. Wiki iliyopita alituma ukwaju, pamoja na salamu kwa mpishi kwamba nyanya zikipanda bei, mama yake alikuwa akipika kwa huu, na kwamba aende ampe namna yake. Mama watoto amekwenda mara mbili. Mimi nimeambiwa nisubiri, kwani ukwaju unataka kulowekwa usiku kucha.