Jina la Saisi Halimo

Simu yangu ina milio miwili. Mlio wa kwanza ni wa kawaida: ofisini wananihitaji, au kuna jamaa aliyekwama nauli. Mlio wa pili ni mfupi, kama kijiko kilichogonga ukingo wa kikombe. Huo wa pili ukisikika, mama yangu huacha alichokishika na kuuliza kutoka jikoni, "Ni wale farasi?"

Wenzangu katika chumba cha habari wamekwisha kunihukumu. Wanasema nimeingia katika kamari. Siwalaumu, kwa maana katika mji huu wa Nairobi mtu anayekodolea simu macho Ijumaa jioni huku akitajataja majina ya farasi hana maelezo mengine yanayoaminika. Wapo akina baba tunaowafahamu ambao karo za watoto wao zimeteketea katika simu kwa mtindo huo. Lakini mimi sijapata kuweka hata shilingi moja juu ya mgongo wa farasi. Ninachokifuatilia ni kitu kingine, na nimeona heri nikieleze mara moja kwa wote.

Mdogo wangu ni saisi. Vijana wengi wa leo hawalijui neno hili, ingawa ni la zamani katika lugha yetu. Saisi ni mtunza farasi: ndiye amlishaye, amwoshaye, amfungaye bendeji za miguu, azoaye mavi yake na kumtembeza polepole baada ya mbio ili moyo upoe. Katika ukoo wetu hapakuwa na mtu aliyewahi kumgusa farasi. Sisi farasi tulimwona katika gwaride, tena kwa mbali, nyuma ya kamba. Mdogo wangu alipata kibarua katika mabanda ya farasi yaliyo upande wa barabara ya Ngong, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu tu alipita hapo siku ambayo mtu mwingine hakuja kazini. Jioni alirudi nyumbani ananuka majani makavu na jasho la mnyama. Marehemu baba alimtazama, akasema, "Kaoge, kisha uje utuambie kama anauma."

Aligundua kwamba anaipenda kazi hiyo. Alitueleza mambo ambayo sisi wasomi wa nyumba hatukuyajua: kwamba farasi hawezi kutapika, na kwa hiyo maumivu madogo ya tumbo yanaweza kumwua, kwamba aweza kulala usingizi amesimama, kwamba kabla ya jua kuchomoza saisi hupapasa miguu yote minne, mmoja mmoja, akitafuta joto. Mguu wenye joto ni mguu wenye habari mbaya. Daktari wa mifugo huja baadaye, na mkufunzi huja baadaye. Kiganja cha saisi ndicho cha kwanza kujua.

Miaka mitatu iliyopita alipata mkataba wa kwenda Ghuba, katika banda moja la farasi wa mbio ambalo sitalitaja. Huko alikabidhiwa farasi wanne. Akatupigia simu, sauti imejaa fahari, akaniambia, "Kaka, ipo programu ya simu ya mashindano ya huku. Iweke, kisha uandike majina haya manne. Kila watakapokimbia utapata habari kabla yangu mimi niliye hapa."

Nikafanya hivyo. Sikutegemea kwamba kifaa kile kingekuwa mgeni wa kudumu nyumbani kwetu.

Msomaji ambaye hajaiona programu ya namna hii angeshangazwa na wingi wa mambo inayoyajua. Farasi akiandikishwa katika shindano, inalia. Akiondolewa, inalia. Akimaliza, inalia, na hapo hueleza kila kitu: umri wake, rangi yake, uzito alioubeba, nambari ya kizimba alichotokea, umbali wa mbio, muda uliotumika, na ni nafasi gani iliyomtenga na aliyemtangulia. Nafasi hiyo hupimwa kwa mwili wa farasi mwenyewe. Yupo aliyeshinda kwa urefu wa farasi watatu, yupo wa shingo, yupo wa kichwa, yupo hata wa pua. Yameandikwa majina ya mpanda farasi, mkufunzi, mwenye farasi, na mfugaji aliyemzalisha. Wameandikwa baba na mama wa farasi, na ukitaka kuendelea utapewa babu na bibi. Kwa farasi hawa wa mbio jambo hilo si geni. Kitabu cha nasaba zao kilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, na kwa upande wa baba wote huishia kwa madume watatu tu walioletwa huko kutoka nchi za Mashariki, zaidi ya miaka 250 iliyopita. Mimi mwenyewe, niliyesoma hadi nikapata stashahada, baba wa babu wa babu yangu simjui hata kwa jina.

Mama alijifunza lugha hiyo upesi kuliko mimi. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kusoma ni yangu, lakini kufasiri ni kwake. Mmoja wa wale wanne alimpenda zaidi, mwenye rangi ya hudhurungi na mkia mweusi, na kwa kuwa jina lake la kweli ni refu na gumu kutamka, akampa lake: Mwekundu. Majirani walipokuja kuuliza habari za mtoto aliye ng'ambo, mama alijibu, "Mwekundu alikuwa wa tatu Al Ain," nao wakaondoka wakiwa hawajui kama wamejibiwa.

Nami nilimwelewa. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kupiga simu mara kwa mara. Kazi huanza saa kumi alfajiri, usiku wa mbio hukesha, na akipata nafasi hulala. Basi mama akajitengenezea kanuni yake: farasi akikimbia vizuri, maana yake amelishwa vizuri, akiwa amelishwa vizuri, maana yake aliyemlisha ni mzima. Kwa kanuni hiyo tuliishi msimu mzima. Huko mbio hufanyika katika miezi ya baridi, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Machi au Aprili, kwa kuwa joto la kiangazi halimruhusu mnyama kukimbia. Miezi ile ambayo programu ilikaa kimya, mama alipungua mwili.

Msimu wa pili, mwezi wa Februari, Ijumaa usiku, simu ililia. Mwekundu alikuwa ameshika nafasi ya pili katika uwanja wa Meydan, Dubai, kwa tofauti ya shingo. Uwanja huo si mdogo. Ndipo linaposhindaniwa Kombe la Dunia la Dubai, ambalo zawadi zake zimefikia dola milioni 12. Mama alipiga kigelegele hadi mtoto wa jirani akaamka. Nikampigia simu mdogo wangu kumpongeza. Haikupatikana. Tukasema amechoka, kesho atapiga.

Hakupiga kesho, wala wiki ile. Nilianza kuwa na wasiwasi, lakini mama alinituliza kwa kanuni yake. Baada ya wiki mbili simu ililia tena. Mwekundu ameshinda! Urefu wa farasi wawili unusu, muda mzuri, picha ya mwenye farasi akitabasamu. Usiku ule mama alipika chapati.

Asubuhi yake alinipigia mtu nisiyemjua, Mganda kwa matamshi yake, mwenye adabu nyingi. Alisema nambari yangu ameipata kwa shida, katika fomu za wakala, kwa sababu simu ya ndugu yangu ilivunjika siku ile ile. Siku ipi? Jumatano, akasema, siku mbili kabla ya mbio za Meydan. Farasi mwingine, mgeni bandani, alishtuka alipokuwa akifungwa bendeji, akarusha teke. Mkono wa kulia wa mdogo wangu ulivunjika mahali pawili, na simu iliyokuwa katika mfuko wa shati ikapasuka. Alikuwa amelazwa, ametiwa vyuma, na sasa anaendelea vizuri, tusiwe na hofu.

Nilirudi jikoni nikamweleza mama. Alikaa chini taratibu kama mtu anayeshusha mzigo. Chapati mbili za usiku zilikuwa bado mezani, zimefunikwa. Hakulia. Aliitazama simu mkononi mwangu, akauliza, "Hicho kidude chako kilikuwa kinajua?"

Nikasema hapana.

"Lakini picha ya tajiri kimeileta."

Tangu siku hiyo nimeipekua programu ile kila pembe, na baada yake nikazipekua nyingine. Ipo ya Marekani ambayo humpa mtu banda la kuwaziwa, aweke humo majina ya farasi awapendao, naye ataarifiwa hata walivyofanya mazoezi ya alfajiri. Mazoezi yanaandikwa, kwa sekunde na sehemu za sekunde. Aliyemwandaa farasi kwa mazoezi hayo haandikwi. Sina budi kusema haki: hakuna uongo wowote ndani yake. Kila nambari niliyosomewa kuhusu Mwekundu ilikuwa ya kweli. Sisi ndio tuliomwomba mnyama atuletee habari za mtu.

Katika kupekua huko nilikutana na habari za farasi Secretariat, ambaye wapenzi wa mbio humtaja kwa heshima ya pekee. Mwaka 1973 alishinda mashindano makubwa matatu ya Marekani, na katika lile la mwisho, Belmont, aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 31, kwa dakika 2 na sekunde 24. Hadi leo muda huo haujavunjwa. Katika shindano la pili, Preakness, mashine ya kupimia muda ilileta ubishi. Watu hawakuridhika. Ubishi uliendelea hata baada ya farasi kufa mwaka 1989, na mwaka 2012, yaani miaka 39 baada ya mbio zenyewe, wakubwa wa mchezo walikaa wakatazama picha upya, wakausahihisha muda huo rasmi kuwa dakika 1 na sekunde 53.

Nilivutiwa sana na bidii hiyo. Sekunde moja na ushei, ikatafutwa kwa miaka 39!

Saisi wa Secretariat aliitwa Eddie Sweat, Mmarekani mweusi kutoka South Carolina, aliyefariki mwaka 1998. Watu waliokuwapo wanalijua jina lake, na ipo sanamu katika jimbo la Kentucky inayomwonyesha ameshika hatamu ya farasi, joki akiwa juu ya tandiko. Kwa hiyo siwezi kusema amesahauliwa. Lakini fungua orodha ya matokeo ya Belmont ya 1973: utamkuta farasi, joki, mkufunzi, mwenye farasi na mfugaji. Sanamu ilipata mahali pa kumweka Sweat, jedwali halikupata.

Na wala si kwamba kifaa hakihitaji mikono yake. Mwaka 2021 ulizuka ugonjwa wa virusi vya farasi katika mashindano ya kuruka viunzi huko Valencia, Hispania, na farasi kadhaa wakafa. Baada ya hapo shirikisho la dunia la michezo ya farasi liliagiza kwamba joto la mwili la kila farasi lipimwe na kuingizwa katika programu yake ya simu kabla ya kufika mashindanoni. Mpanda farasi hujulikana kwa jina na bendera. Lakini waulize walio mabandani ni nani kwa kawaida husimama nyuma ya mnyama alfajiri ameshika kipimajoto.

Mdogo wangu alirudi kazini baada ya miezi mitatu. Siku ambazo hakufanya kazi hazikulipwa, na jambo hilo bado linamchoma kuliko mkono. Nilimshauri arudi nyumbani. Akasema, "Kaka, hapa nina farasi wanne wanaonijua kwa hatua zangu. Huko Nairobi ananijua nani?" Sikuwa na jibu la haraka, nami hadi leo sijalipata.

Mama hakuniruhusu kuiondoa programu, kama nilivyotaka kufanya kwa hasira. Alikwenda dukani akanunua daftari la kurasa 96, la mistari, akanikabidhi kalamu na rula nimchoree safu. Tarehe, uwanja, farasi, nafasi. Kisha akasema, ongeza moja. Nikauliza niiandike nini juu yake. "Andika Mkono," akasema.

Sasa utaratibu wa nyumba ni huu. Simu ikilia kama kijiko, ninasoma, naye anaandika kwa herufi zake kubwa safu nne za kwanza. Ya tano anaiacha wazi mpaka mwenyewe apige simu. Hamwulizi habari za ushindi, anamwuliza kama mkono unafumba, kama unauma wakati wa baridi, kama ameweza kuinua ndoo. Majibu huyaandika kwa ufupi: "unauma kidogo"; "ndoo nusu"; "mzima." Mdogo wangu mwanzoni aliona haya. Siku hizi hupiga asubuhi ya baada ya mbio, huku nyuma yake tukisikia farasi wakigonga milango ya vizimba wakidai chakula.

Ijumaa iliyopita Mwekundu alikuwa wa sita kati ya wanane. Leo ninapoandika ni Jumatano. Daftari liko mezani, limefunguliwa, na safu ya tano bado haijaandikwa kitu. Mama amekwisha nunua vocha.