Shawarma Yako Nimeiulizia

Gaziantep, Uturuki
Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima, miguu tu ndiyo inayolalamika. Magauni ya mtaa wa Laleli nimeyaacha Istanbul kwa wakala wa mizigo, na mazulia ya huku nimeshayalipia. Biashara yangu imekwisha, sasa nijibu yako.

Uliniagiza vitu vitatu: viungo vya shawarma "vya Kituruki hasa", kisu kile kirefu cha kukatia nyama, na picha za hoteli za huku upate kuiga rangi za kuta kwenye hoteli yako. Kisu nimekiona. Sijakinunua. Usininunie kabla hujamaliza kusoma.

Istanbul nilikula siku tatu kwenye hoteli za barabarani, zile zenye picha za chakula mlangoni na kijana anayekuita kwa lugha tano. Nililipa, nikashiba, na nilipopanda ndege sikukumbuka nimekula nini. Nikadhani ndiyo Uturuki hiyo.

Huku wenyeji wanasema Antep tu. Hilo "Gazi" ni heshima iliyotolewa na bunge la Ankara mwaka 1921, baada ya mji kupigana na Wafaransa. Siku niliyokwenda kulipia mazulia, mhasibu wa kiwanda aliniuliza ninakula wapi. Nikamtajia mkahawa ulio chini ya gesti yangu. Akaweka kalamu chini, akatikisa kichwa, akavaa koti. Hesabu zikasubiri. Alinipeleka kwenye kichochoro nyuma ya soko la wafua shaba, ambako nyundo hazinyamazi kutwa, akaniingiza mahali penye meza sita. Baba yuko kwenye mkaa, mkewe na mama mkwe wako jikoni nyuma, na kijana wao, anayesoma chuo, ndiye mhudumu, na amekuwa mkalimani wangu. Picha mlangoni hakuna, wala orodha ya vyakula hakuna. Unaambiwa leo kimepikwa nini, basi.

Nimekula pale siku nne. Na siku ya kwanza tu, mwanangu, nilikuumbua.

Nilitoa simu nikamwonyesha mwenye hoteli picha ya shawarma yako, ile iliyofungwa kwenye karatasi, mayonezi inachuruzika na chipsi zinachungulia juu. Nikasema kwa fahari: binti yetu anapika chakula chenu. Akavaa miwani. Akaikuza picha kwa vidole. Akamwita mkewe, mkewe akamwita bibi. Wakaitazama wote watatu kama watu wanaoletewa mtoto wasiyemjua wakaambiwa ni wa ukoo wao. Mwishowe bibi akauliza: "Hicho kiazi kinafanya nini humo ndani?"

Sikuwa na jibu. Ukiwa nalo, niandikie.

Kijana mhudumu alinihurumia, akanieleza taratibu. Nyama ya kuzungushwa wima inaitwa döner, yaani chenye kuzunguka, na sifa zake wanazihesabu tangu karne ya 19 huko Bursa, mbali kabisa na hapa. Ile ya kutia kwenye mkate ukala huku unatembea, waliovumisha ni Waturuki waliohamia Berlin kufanya kazi. Hata neno shawarma lenyewe Waarabu walilipata kwenye çevirme ya Kituruki, maana yake kugeuza. "Ni chakula kizuri," akasema, "lakini si cha hapa." Angeweza kunikatia sahani akala pesa yangu, nami nisingejua.

Cha hapa ni kipi basi? Akaniletea lahmacun. Ni mkate mwembamba kuliko chapati, umepakwa nyama ya kondoo iliyokatwakatwa pamoja na nyanya, pilipili na kitunguu saumu, ukaokwa. Nikauliza kitunguu maji kiko wapi. Kijana akageuka kutazama kama kuna mteja aliyesikia. Kitunguu maji wanatia watu wa Urfa, mji wa jirani upande wa mashariki. Hapa ni saumu. Mwendo wa saa mbili hivi kwa basi, na tayari watu hawaelewani juu ya mkate.

Na hoteli yenyewe haina tanuri. Mama anachanganya nyama kwenye sinia, kijana analikimbiza kwa mwoka mikate wa mtaani, anarudi na mikate imepangana, inafuka moshi. Hata majumbani ndivyo wanavyofanya: sinia la bilinganya na nyama linapangwa nyumbani, linapelekwa tanurini, na mwoka mikate anajua lipi la nani. Hizo bilinganya usiseme. Sokoni utaziona zimekombwa ndani, zimetungwa kwenye uzi kama shada, zimekauka mpaka zikigusana zinalia. Baridi ikiingia zinachemshwa, zinajazwa mchele au ngano ya kukoboa, zinachachuliwa kwa sumaki. Sumaki ni vitunda vyekundu vilivyokaushwa. Kazi yake ndiyo kazi ya ukwaju kwetu.

Asubuhi wanakunywa beyran. Hiyo ungeipenda bila kufundishwa: nyama ya kondoo iliyochemka usiku kucha, ikachambuliwa juu ya wali kwenye bakuli la chuma, ikatiwa saumu na pilipili nyekundu, ikamwagiwa supu, bakuli likawekwa juu ya moto mkali mpaka linatokota mbele yako. Kina baba wanaoanza siku kwa supu ya mbuzi pale stendi wangejiona wako kwao. Lugha nayo haikunisumbua kama nilivyoogopa. Bamia ni bamya, duka ni dükkân, na ukitaka kulipa unasema hesap. Wakikuletea sahani wanakuombea afiyet olsun, na hiyo afiyet ndiyo afya yetu, tumeichota wote kwa Waarabu.

Juzi kijana alinitolea kifua: mwaka 2015 UNESCO iliuweka mji wao kwenye mtandao wake wa miji ya ubunifu kwa ajili ya mapishi, na miaka miwili kabla ya hapo baklava ya Antep ilikuwa bidhaa ya kwanza ya Uturuki kulindwa jina lake na Umoja wa Ulaya. Pistashio zake zinachumwa mapema, bado changa, ndiyo maana ni kijani vile. (Ile yako ya korosho niliona vyema nisiitaje.) Bibi alikuwa anasikiliza, akamkatiza: "UNESCO hawajawahi kuja kuviringa."

Kuviringa nini? Ndilo lililonifanya niandike barua ndefu hivi.

Wana chakula kinaitwa yuvalama. Kwa desturi ni cha sikukuu, asubuhi ya Idi baada ya Ramadhani, ingawa siku hizi hoteli zinakipika hata siku za kawaida. Mchele unalowekwa, unasagwa pamoja na nyama isiyo mafuta, unatiwa chumvi na pilipili manga, unakandwa mpaka unashikana. Kisha unaviringwa kwa viganja kuwa vidonge visivyozidi punje ya dengu. Punje moja moja, mwanangu, mpaka sinia linajaa. Mkesha wa Idi jirani wote wa kike wanakutana nyumba moja, wanaviringa na kusengenya mpaka usiku.

Jana walikuwa na oda kubwa. Nilichungulia jikoni, bibi akanisogezea kigoda, nadhani kwa kunitania tu. Nikanawa, nikakaa. Nikachukua donge, nikaanza. Sikufikiri, mikono ilijua yenyewe. Bibi akaacha kazi, akakishika kiganja changu akakigeuza, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamjibu: kwa mama yangu, Tanga, tunapika vipopoo. Kijana akakwama kutafsiri. Nikaeleza: ni vidonge vya unga, vinapikwa kwenye maziwa ya mti. Wakatazamana. Nazi sikuweza kuieleza zaidi ya hapo, lakini haikuhitajika, maana bibi aliuliza swali la mpishi: hayo maziwa yenu hayakatiki?

Yanakatika, nikasema, ukiacha kukoroga. Alipiga paja. Kumbe mtindi wao ni hivyo hivyo. Unaukoroga na yai ungali baridi, unaubandika moto mdogo, unakoroga upande mmoja bila kuachia, unauongezea supu ya nyama kidogo kidogo uzoee joto, ndipo unaumimina kwenye nyama, dengu na vile vidonge. Juu unachuruziza mafuta yaliyokaangiwa nanaa kavu. Ukiharakisha, mtindi unakatika, na mkesha mzima wa kuviringa umepotea. Nilisimama na mwiko nikimkumbuka bibi yako na tui lake, "usilitupe jicho lako kwingine".

Tulipokuwa tunaviringa, mama wa kijana alinisimulia la tetemeko la tarehe 6 Februari 2023, jinsi mawe ya ngome ya mji yalivyoporomoka na wao wakalala kwenye gari kwa baridi. Walipoweza kuwasha mkaa tena, walipika dengu wakagawa barabarani. Hakuendelea, nami sikumchokoza.

Sasa nikwambie la kwako. Wateja wako wa chipsi na mayonezi usiwafukuze, ndio wanaolipa kodi ya chumba. Ila hilo bango la "Chakula Halisi cha Kituruki" lishushe. Mimi sitapita mbele yake tena bila kukumbuka uso wa yule bibi. Na nimekuwa nikijiuliza hoteli yako inapika nini ambacho ukimwonyesha mtu wa Mombasa au Unguja atakwambia, hapana, sisi hatutii hivyo. Waturuki nao wana keşkek, ngano na nyama vinavyopondwa mpaka vinanata, ndiyo bokoboko yetu hiyo, mtu na nduguye. Uliniambia bokoboko ni chakula cha wazee. Huku kijana wa chuo analibeba sinia la bibi yake mtaani mbio, wala haoni haya.

Begini nimekuwekea sumaki kilo moja, pilipili yao ya kuparuza, chupa mbili za maji mazito ya komamanga, na mashada mawili ya bilinganya kavu. Yafungue mwenyewe, mdogo wako asije akayafanya mkufu. Picha za kuta sikupiga: kuta zao nyeupe, zimeingia moshi. Picha niliyopiga ni ya mikono ya bibi, nitakutumia nikipata intaneti nzuri.

Natua Dar Jumatano, Tanga nitafika Alhamisi kwa basi la asubuhi. Loweka mchele kilo moja Jumatano usiku, tafuta nyama ya paja isiyo mafuta na mtindi mzito usio na sukari. Mwambie na mama yako aje, vidole vyake ni vyembamba kuliko vyangu.

Shangazi yako