Viwandani au River Road? Siku moja na msichana mwenye barua mbili

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walichosahau kutuambia ni afanye nini yule aliyeinama akakuta vitu viwili, naye ana ruhusa ya kuchukua kimoja tu.

Hayo ndiyo yaliyomfika mpwa wangu hivi majuzi. Binti huyu wa dada yangu alifanya mtihani wa kidato cha nne huko Nakuru mwaka jana, akapata alama ya B ya kujumlisha, kisha akaja kukaa nasi Buruburu ili asomee CPA jioni katika chuo kimoja katikati ya jiji. Mchana hakuwa na kazi. Aliandika barua za maombi, nyingine akazipeleka kwa miguu, nyingine kwa tarakilishi, akangoja. Wiki sita zilipita kimya. Halafu majibu mawili yakaja juma moja.

La kwanza lilitoka kwa kiwanda kimoja cha sabuni: nafasi ya mwanagenzi katika idara ya uhasibu kwa mwaka mmoja, Sh20,000 kwa mwezi pamoja na chakula cha mchana. La pili lilitoka kwa kampuni ndogo ya wakaguzi wa hesabu karibu na River Road: uanagenzi wa miaka mitatu, Sh12,000 kwa mwezi, na kampuni ingemlipia ada za mitihani. Zote mbili zilitaka jibu kufikia Jumatatu.

Jioni hiyo nyumba yetu iligeuka bunge. Dada yangu alipiga simu kutoka Nakuru akataka kujua kuna nini cha kufikiriwa, kwani 20 ni zaidi ya 12 hata kwa mtoto wa chekechea. Hakuwa akisema ovyo. Mpwa wangu ni kifunguamimba, na ndugu yake aliye kidato cha tatu alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili muhula huo kwa ajili ya karo. Mke wangu naye hakupenda habari za ngazi za River Road jioni. Msichana mwenyewe alinyamaza, barua moja juu ya goti hili, nyingine juu ya goti lile.

Mimi nilikuwa na sababu ya kutoharakisha maneno. Mnamo 1991 nilikuwa na barua mbili vilevile, nami nikachagua ile iliyoizidi nyingine kwa shilingi 300. Kumbe huko kila mwisho wa mwezi tulitoka saa mbili usiku, ilhali darasa la CPA lilianza saa kumi na moja na nusu jioni. Masomo yangu yalikwama katika sehemu ya pili, na hapo ndipo yalipo hadi leo. Hakuna aliyenidhulumu. Sikwenda tu kuuliza wanatoka saa ngapi.

Basi nikamwambia, "Ijumaa nitaomba ruhusa kazini. Twende tukaone kwa macho."

HARUFU YA SABUNI

Tulipanda basi la nambari 58 mapema, tukateremka City Stadium na kushika Lusaka Road kwa miguu. Msomaji ambaye hajapita Viwandani saa moja asubuhi bado hajaijua Nairobi. Watu humiminika kutoka mitaa ya Mukuru wakielekea Enterprise Road kama mto uliofurika, wanaume wamevaa makoti juu ya ovaroli, akina mama wamebeba viatu vya kazi mikononi. Hewa nayo hubadilika kila baada ya hatua chache: mara mkate, mara rangi, mara mpira unaoungua. Kando ya lango la kila kiwanda pana kundi la vijana wamechuchumaa, wakitumaini kwamba siku hiyo wataitwa kupakia malori.

Huko huko Viwandani, katika Commercial Street, ndiko yaliko makao makuu ya NITA, mamlaka ya serikali inayosimamia mafunzo ya viwandani. Waajiri hutozwa ushuru kwa kila mfanyakazi ili kugharimia mafunzo hayo. Wengi wetu hulipita jengo hilo tukidhani ni la mafundi wa kuchomelea vyuma tu.

Kiwandani tulipokewa vizuri. Afisa wa uhasibu, bwana mmoja mpole, alitutembeza kutoka mapipa ya mafuta ghafi hadi katoni zilizofungwa. Alimweleza mpwa wangu jinsi kila mche wa sabuni unavyobeba gharama ya mafuta, umeme, mshahara na karatasi ya kufungia, na jinsi senti chache zinazopotea katika kila mche hugeuka mamilioni mwisho wa mwaka. Nikaona macho ya msichana yanang'aa. Kwa kweli, anayetaka kujua bei ya kitu inavyozaliwa hana shule bora kuliko sakafu ya kiwanda.

Aliyetusindikiza hadi langoni alikuwa kijana wa ghala mwenye daftari kwapani. Mpwa wangu akamuuliza ameanza lini.

"Barua yangu ilisema mwaka mmoja, kama yako," akajibu. "Huu ni wa tatu."

"Na masomo?"

"Niliyasimamisha. Mwisho wa mwezi tunahesabu bidhaa hadi saa tatu usiku. Nahesabu katoni, naandika, napeleka karatasi juu. Zikifika juu, sijui zinafanywa nini."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo ndilo lililonitia baridi.

MLIMA WA WAHASIBU

Tulifuata Bunyala Road, tukavuka chini ya ile barabara ya juu kwa juu iliyofunguliwa 2022, kisha tukapanda Upper Hill. Zamani za ukoloni kilima hiki kilikuwa na nyumba za maafisa wa reli wa Kizungu, kila moja na bustani yake. Leo majumba marefu yameziba mbingu. Katika Hospital Road, si mbali na Hospitali Kuu ya Kenyatta, pana KASNEB Towers, na mpwa wangu alitaka kuliona jengo ambalo jina lake litakuwa juu ya cheti chake, Mungu akipenda.

Bodi ya KASNEB iliundwa 1969. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka kuwa mhasibu kamili alitegemea mitihani ya Uingereza. Kisha ikaja Sheria ya Wahasibu ya 1977, na mwaka uliofuata chama chao, ICPAK, kikaanza kazi. Leo CPA ina kiwango cha msingi, cha kati na cha juu, na hakuna anayeweza kutia sahihi ripoti ya ukaguzi wa hesabu bila leseni ya ICPAK. Kwa maneno mengine, mtihani hukupa cheti, lakini kazi unajifunza kwa mtu.

Nilimwambia hayo tukinywa soda chini ya mti. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mjomba, kule kiwandani nani angenifundisha?" Tulifikiri sote wawili. Afisa yule mpole alikuwa ametutembeza kwa saa nzima, lakini hakuwa amesema hata mara moja kwamba mwanagenzi angeketi karibu naye.

NGAZI ZA RIVER ROAD

Tuliteremka Haile Selassie Avenue hadi kwenye bustani ya kumbukumbu ya shambulio la Agosti 7, 1998. Katika jengo la Ufundi lililoporomoka siku hiyo mlikuwa na chuo cha uhazili. Tulisimama kidogo. Walioketi mle walikuwa vijana kama huyu, waliokuja mjini asubuhi kujifunza kazi.

Kutoka hapo tulifuata Moi Avenue, tukakata kuelekea River Road katikati ya mikokoteni, maspika yanayopiga kelele na wauzaji wa simu. Jengo tulilolitafuta halina lifti. Orofa ya kwanza ni mafundi cherehani, ya pili ni duka la vipodozi vya jumla, ya tatu ni chuo cha kompyuta, na ya nne ndiyo ya wakaguzi: vyumba vitatu, majalada yamepangwa hadi darini, na vijana watano wameinamia meza. Mwenye kampuni ni mzee wa sweta la kijivu. Alitukaribisha chai, kisha bila kusema mengi akavuta boksi la risiti.

"Mwenye duka hili la vifaa vya ujenzi anasema mwezi Machi aliuza misumari ya Sh300,000. Utajuaje kama ni kweli?"

"Nitatazama daftari la mauzo," mpwa wangu akajibu.

"Daftari aliliandika yeye mwenyewe."

Msichana akafikiri. "Basi nitatazama alikuwa na misumari kiasi gani mwanzoni, alinunua kiasi gani, na imebaki kiasi gani."

Mzee hakumsifu. Alimsogezea boksi na kusema, "Na aliyemuuzia, tutamwandikia barua tumuulize." Nikaona amekwisha kuanza kufundisha.

Lakini msomaji asidhani kila kitu kilikuwa asali. Kijana mmoja mwenye mwaka mzima mle alituambia kwamba kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni, siku ya mwisho ya kupeleka taarifa za kodi kwa wengi, Jumamosi huwa haipo. Tena barua yenyewe ilikuwa na mwiba. Kifungu cha tisa kilisema kwamba mwanagenzi akiondoka kabla ya miaka mitatu atarejesha ada zote za mitihani "na gharama nyingine kama kampuni itakavyoamua."

Mimi nilikuwa nimekipita kifungu hicho mara mbili bila kukiona. Mpwa wangu alikuwa amekipigia mstari kwa penseli.

"Samahani, mzee," akasema, "gharama nyingine ni zipi?"

Chumba kikatulia. Mzee akavaa miwani, akasoma kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. "Haya ni maneno ya wakili," akasema.

"Ada za mitihani nitakubali kurejesha, kwa maana nitajua ni pesa ngapi. Hizi nyingine sijui mwisho wake."

Nilidhani nafasi imekwenda na maji. Mzee alichukua kalamu, akayakata yale maneno, akatia sahihi pembeni. Msichana akapata moyo, akaomba wiki moja ya mapumziko kabla ya kila mtihani. Mzee alimpa siku nne. Alimwahidi pia nakala yake ya mkataba, jambo ambalo kila mwanagenzi anapaswa kulidai, kwani Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi.

HESABU CHINI YA SANAMU

Tulirudi Moi Avenue, tukaketi karibu na sanamu ya Tom Mboya iliyowekwa hapo 2011. Mboya mwenyewe alianza kama mwanafunzi wa ukaguzi wa afya huko Kabete kabla ya kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, na nadhani hakuna mahali bora zaidi kwa kijana kufungulia daftari.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kiwandani kazi ni siku 26 kwa mwezi, na nauli ya kwenda, kufika darasani na kurudi nyumbani ni kama Sh160 kwa siku, yaani Sh4,160. Alitenga Sh2,000 kwa mwezi kwa ajili ya mitihani ambayo angejilipia. Zilibaki Sh13,840. River Road kazi ni siku 22 katika miezi ya kawaida. Nauli Sh120 na chakula Sh120 kwa siku hufanya Sh5,280. Zilibaki Sh6,720.

"Mama alisema kweli," akasema. "Kiwanda bado kinazidi kwa Sh7,120. Hiyo ni karo ya ndugu yangu."

Hapo ndipo nilipoona kwamba ushauri ni rahisi kwa mtu ambaye hautamgharimu kitu. Ningeweza kumhubiria juu ya masomo hadi jua lizame, kisha karo ikabaki palepale. Nikampigia dada yangu simu. Nikamwambia nitatoa nusu ya pengo hilo, Sh3,500 kila mwezi hadi kijana amalize kidato cha nne. Nusu nyingine watasaidiana yeye na binti yake. Dada yangu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Haya, lakini asije akakwama kama wewe." Jioni mke wangu alitaka kujua Sh3,500 hizo zitatoka mfuko upi. Mazungumzo hayo yanaendelea.

Mpwa wangu aliandika barua mbili Jumapili usiku, moja ya kukubali na moja ya kushukuru. Ile ya kushukuru ilimchukua muda mrefu zaidi, na naona alifanya vyema, kwani milango ya mji huu hugeuka. Mtoto mwingine, asiye na wa kumpa malazi wala wa kuziba pengo, angeweza kuchagua kiwanda, na wala nisingemlaumu, bora awe amejua wanatoka saa ngapi.

Alianza kazi Jumatatu iliyofuata. Siku ya tatu alirudi nyumbani mikono imejaa kutu. Walikuwa wametumwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Kirinyaga Road.

"Mjomba," akasema huku akicheka, "siku nzima tumehesabu misumari. Huku nako ni kuhesabu tu!"

"Na karatasi ulipeleka wapi?"

"Sikuipeleka popote. Mzee aliniketisha, akaniambia nimwonyeshe ni wapi duka lile linadanganya."

"Ukamwonyesha?"

"Bado," akasema, akaenda kunawa. "Lakini amesema nisiondoke hapo mpaka nipate."