Kujiandaa na Safari: Tuliyojifunza Mabegi Yakiwa Mlangoni

Wenzetu wa gazeti hili wametuomba tueleze namna familia inavyojiandaa na safari ya ng'ambo. Najua wengine mtacheka na kusema, nyinyi hamkusafiri, mtatufundisha nini? Ni kweli, hatukusafiri. Lakini tulijiandaa mpaka mabegi yakapimwa na kufungwa kamba, na hapo tulipokosea tunapajua vizuri.

Sisi ni baba na mama wa watoto watano. Tulivuka Ziwa Tanganyika tukiwa wadogo, mwaka 1997, tukitokea upande wa Fizi. Watoto wote wamezaliwa hapa kambini. Kesi yetu ya kwenda Marekani ilianza mwaka 2016, ikaenda, ikasimama, ikaenda tena. Mwishoni mwa mwaka 2024 tukaambiwa tujiandae, tarehe yetu ni mwisho wa Januari 2025. Nyumba nzima haikulala usiku ule.

Mnajua yaliyofuata. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa kule alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi kuanzia tarehe 27, na hata kabla ya siku hiyo kufika safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Ya kwetu ikiwemo. Mpaka tunapoandika, faili letu limesimama.

Siku tuliyopata habari hiyo, ndani ya nyumba hamkuwa na kitanda. Tulikuwa tumeuza kitanda, viti, mbuzi wawili na cherehani ya mama, ambayo ndiyo ilikuwa inatununulia sabuni na mboga kwa miaka tisa. Nyumba tulishaiahidi kwa familia nyingine. Mtoto wa pili hakwenda shule tangu Desemba, tukisema ya nini, si tunaondoka? Tulilala chini juu ya mkeka, watu saba, na mabegi saba mapya yamepangwa ukutani kama wageni.

Kitu kimoja tu kilibaki, sufuria kubwa. Bibi, mama yake baba, aliiona siku tulipokuwa tunagawa vyombo, akaichukua akaificha chini ya kitanda chake. Alisema: "Ndeke haiyafika, munagawanya vyombo? Mutarudi kuniomba sufuria." Tulimcheka. Jioni ya habari ile alikuja nayo kichwani, na maharage yameshaiva ndani yake. Hakusema neno.

Basi la kwanza tunalowaambia ni hilo. Usiuze kinachokulisha. Nguo za ziada, meza, redio, viuzeni kama mnataka. Lakini cherehani, baiskeli, jembe, vifaa vya ususi, vyombo vya kupikia, hivyo viandikieni tu mtu atakayevichukua, na avichukue basi likishawasha moto. Kama ni ndugu au jirani mwema ataelewa. Kadi ya posho usimpe mtu wala usiitupe. Mtoto aendelee shule mpaka siku ile ile. Tukisema ukweli, sisi tuliuza mapema kwa sababu tulitaka majirani waone kwamba sasa tunakwenda. Ilikuwa ni fahari, haikuwa haja.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Mtoto wetu wa tatu jina lake kwenye kadi liliandikwa kwa herufi R, na kwenye karatasi ya kliniki kwa herufi L. Sisi hatukuona tofauti, nyumbani tunamwita yote mawili! Lakini kwenye faili hao ni watoto wawili. Tulisubiri miezi mingi kurekebisha herufi moja. Keti leo na karatasi zako zote, weka moja pembeni ya nyingine, soma jina herufi kwa herufi pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ukikuta kosa, nenda ukaseme mwenyewe kabla ya kuulizwa. Na kama wewe ni mmoja wa wale walioandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu hakuna aliyejua siku yao, baki nayo hiyo hiyo. Ukiibadilisha katikati ya kesi unaanza kujieleza upya.

Mtoto akizaliwa, mkimbizeni kwenye kuandikishwa. Kijana akioa au binti akiolewa, semeni. Mabadiliko yatachelewesha kesi, hilo hatuwafichi, lakini kuficha mke au kuongeza mtoto wa jirani kunaweza kuiua kabisa. Mama akiwa na mimba aseme pia, kwa sababu mashirika ya ndege hayapokei mimba ya wiki za mwisho.

Kuhusu pesa, tunaandika kwa aibu. Mwaka mmoja alikuja mtu jioni, amevaa vizuri, akasema anaweza kulisukuma faili. Mmoja wetu alimpa shilingi 50,000 bila kumwambia mwenzake. Hatukumuona tena. Ndugu zangu, kupelekwa nchi ya tatu hakuuzwi. Fomu ni bure, mahojiano ni bure, vipimo ni bure. Jambo la pesa lililo halali ni moja. Kwa wanaokwenda Marekani, nauli ya ndege ni mkopo usio na riba, mtu mzima anautilia saini kabla ya kuondoka, na kwa kawaida anaanza kuulipa kidogo kidogo miezi 6 baada ya kufika. Wanaokwenda nchi nyingine waulize, utaratibu si mmoja. Na mtu yeyote akikuletea karatasi ya kusaini, omba isomwe kwa lugha unayoielewa.

Vipimo vya hospitali vina muda wake. Kwa Marekani kwa kawaida ni miezi 6, na kwa mwenye dalili au historia ya kifua kikuu ni miezi 3. Muda ukipita mnaanza tena. Vya kwetu vimeshapita. Kwa hiyo ukiitwa usichelewe hata siku moja, na mwenye dawa za kila siku, za presha, sukari au nyinginezo, aseme kwa daktari wazi na asiache kumeza kwa kuogopa kwamba atakataliwa. Karibu na safari mtapewa pia dawa za minyoo na malaria. Mezeni mbele yao, msiweke mfukoni.

Kuna jambo dogo ambalo kwenye semina lilizua kelele, nalo ni saa. Karatasi za ndege hazijui saa za Kiswahili. Ukiona 02:40 usifikiri ni saa mbili na dakika arobaini. Ni saa nane na dakika arobaini usiku, tofauti ni saa 6. Na usiku wenyewe ni upi? Ikiandikwa tarehe 29 saa 02:40, ni usiku wa kuamkia tarehe 29, maana yake tarehe 28 jioni uwe tayari. Ukilala ukisubiri usiku wa tarehe 29, ndege ilishaondoka jana. Wafundisheni hata watoto, ni hesabu nzuri ya shule.

Mzigo sasa. Begi la kupakiwa chini ya ndege mara nyingi haliruhusiwi kuzidi kilo 23, na la mkononi ni kama kilo 7 kwa mashirika mengi, ila mtakavyoambiwa kwenye semina ndiyo sheria yenu. Bibi alitaka tubebe unga wa muhogo, nyama kavu ya mbuzi na mbegu za lengalenga. Nyama na mbegu ni shida kwenye forodha za nchi nyingi, zinaweza kuchukuliwa na ukatozwa faini kama hukusema unazo. Bebeni vitenge, picha za wazazi, na sweta moja kwa kila mtoto liwe mkononi, kwa sababu ndani ya ndege kwenyewe kuna baridi. Kisu, wembe na mkasi viende kwenye begi la chini. Mafuta ya kupaka yaliyo kwenye chupa kubwa vile vile, maana mkononi wanaruhusu chupa isiyozidi mililita 100.

Ule mfuko wa plastiki wa IOM wenye karatasi zenu zote hauwekwi kwenye begi la chini hata kidogo. Unashikwa na mtu mzima mmoja, haumpi mtoto, haufungui bahasha iliyofungwa ndani yake, na chooni unakwenda nao. Dawa na maziwa ya mtoto viwe pamoja na wewe.

Namba za simu ziandikeni kwenye daftari, zisibaki kwenye simu peke yake. Simu huzima, huanguka, huibiwa. Tuliandika namba ya bibi kwenye daftari la kila mtoto, hata mdogo.

Maana bibi hakuwa kwenye kesi yetu. Aliandikishwa na mwanawe mwingine, na huyo kesi yake haijaitwa. Katika maandalizi yote, hili tuliliacha la mwisho kwa sababu ndilo lilikuwa gumu. Tulikuwa tunaenda kumwambia siku mbili kabla. Siku hiyo haikufika, na baadaye tukagundua alikuwa anajua zamani, watoto walishamwambia. Kama mna mzee anayebaki, kaeni naye mapema. Mumwambie nani atamtekea maji, nani atamchukulia posho, nani atampeleka hospitali, na mtu huyo awe amekaa hapo anasikia.

Mengi tuliyoyafanya hayakupotea. Cheti cha chanjo cha mtoto mdogo kilimsaidia kliniki hapa hapa. Buletini za shule tulizozikusanya tangu darasa la kwanza ndizo zilimrudisha mtoto wa pili darasani mwezi Februari, mwalimu mkuu alizitazama akamkubali. Kiingereza cha jioni wakubwa wanaendelea nacho. Familia iliyoahidiwa nyumba ilituelewa. Cherehani haikurudi. Jirani aliyeinunua alikataa kuiuza, na haki ni yake, alitoa pesa. Ila anamruhusu mama ashone kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, na mama anamwachia sehemu ya anachopata.

Wapo majirani ambao kesi zao ni za nchi nyingine, kama Kanada, na bado wanaitwa. Tunawaombea heri, na ndio hasa tuliowafikiria tulipokuwa tunaandika.

Begi moja tumelifungua, linawekewa madaftari na sare. Sita zilizobaki ziko juu ya mbao, zimefungwa. Kila mwezi tunazitoa nje zipigwe na jua, tunatikisa nguo na kuweka majani makavu ya mwarobaini katikati yake, kwa sababu ya wadudu. Panya wao hawaogopi mwarobaini, kwa hiyo hakikisheni hamna hata punje ya chakula ndani.