Baba Mdogo Mchungaji na Ramani Yake



Wengi mliniuliza kwa nini Disemba 2022 nilipotea, na kwa nini niliporudi sikuweka hata picha moja ya safari ya ukweni. Leo nasema. Nimemuomba ruhusa mume wangu, akanambia, "Andika. Labda atasoma bi harusi mmoja, akauliza ambalo wewe hukuuliza."

Mimi ni mtoto wa Mjini Unguja, nimeolewa na Mkurya wa Tarime. Mwenzangu alisilimu akiwa kijana, kabla hatujajuana, na kwao wamebaki Wakristo. Kungwi wangu alinikalisha ndani siku saba: singo, udi, namna ya kumpokea mume, namna ya kuishi na mavyaa. Hakunifundisha kuuliza huko ninakokwenda mtoto wa kike anafanywa nini. Simlaumu, kwetu jambo hilo hatulijui.

Basi Disemba 2022 tukapanda boti mpaka Dar, halafu basi mpaka Tarime, na binti yetu wa miaka 9. Mavyaa alitupokea kwa maziwa na ugali wa ulezi, akamshika mtoto mkono asimwachie. Wallahi mama yule ananipenda. Siku ya tatu tukiwa jikoni, wifi yangu mkubwa akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mwache mtoto amalizie likizo hapa. Mwaka huu ni wetu. Atarudi kwako mkubwa."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Usiku nikamwambia mume wangu. Alikaa kitako kitandani akanyamaza mpaka nikaogopa. Ndipo akanieleza. Wakurya wenye kushika mila hukeketa kwa misimu, Disemba skuli zikifungwa, na mara nyingi ni mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila wa ukoo ndio hutangaza. Haya, 2022 igawanye.

Alfajiri tulimchukua mtoto tukaondoka. Tulipita Nyamongo, vumbi tupu, mpaka wilaya ya Serengeti, kwa baba yake mdogo mume wangu. Ni mchungaji wa kanisa dogo la kijijini. Nakiri nilikwenda na moyo mzito: mimi na buibui langu, kutafuta hifadhi kwa mchungaji! Juu ya meza yake palikuwa na Biblia, kompyuta kuukuu na simu tatu zinachajiwa, maana kabla ya uchungaji alikuwa fundi simu sokoni. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Akatoa simu, akafungua dira, akaniuliza, "Makka ni upande gani ukiwa hapa, mwanangu?" Tukatafuta pamoja, akatandika mkeka mwenyewe.

Baada ya chakula alinionyesha kazi yake. Zamani, msichana akitoroka au jirani akipiga simu usiku kutoa habari, polisi walikuwa na jina la kitongoji tu. Njia haimo kwenye ramani yoyote. Unafika asubuhi, umechelewa. Tangu 2015 mradi uitwao Crowd2Map, ulioanzishwa na Mwingereza Janet Chapman, unakusanya watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Wanakaa majumbani kwao, wanatazama picha za setilaiti na kuchora kila njia na kila paa kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Lakini aliyeko London hajui kilima kile kinaitwaje. Hapo ndipo mwenyeji anapohitajika, atembee na simu yake, aandike hapa zahanati, hapa skuli, hapa kisima. Baba mdogo hufanya hivyo kila anapokwenda kutembelea familia za waumini wake.

Msichana akipatikana hupelekwa nyumba salama. Mugumu kulikuwa na ya Dayosisi ya Kanglikana ya Mara. Bi Rhobi Samwelly alifanya kazi hapo, na mwaka 2017 akaanzisha shirika lake la Hope for Girls and Women, lenye nyumba Mugumu na Butiama. Yeye ni mtu wa huko huko Mara. Alikeketwa akiwa na miaka 13 na nusura afe kwa kutoka damu. Upande wa Tarime kuna kituo cha Masanga cha Wakatoliki.

Nikadhani habari imeisha hapo. Baba mdogo akatikisa kichwa. "Kumfikia ni usiku mmoja. Kumrudisha kwao akapendwa, hiyo ndiyo kazi." Msimu ukipita, wazazi huitwa, wakakaa na ustawi wa jamii na polisi wa dawati la jinsia, wakaandika ahadi kwamba hatakeketwa. Wakikataa, mtoto habaki bila kwao, husoma na kujifunza cherehani huko huko. Sheria ipo tangu 1998, ya kumlinda aliye chini ya miaka 18. Lakini baba mdogo haanzi na sheria. Anakwenda kunywa uji na akina baba, mara tatu, mara nne, wanazungumza ng'ombe.

Kwa nini ng'ombe? Kwa sababu aliyekeketwa huolewa kwa ng'ombe wengi zaidi, na hao ndio watakaomuolea kaka yake.

Siku mbili baadaye tulirudi naye kwa mavyaa. Niliona ajabu, hakuhubiri hata neno moja. Mavyaa akauliza lile lile: "Na ng'ombe wa kaka zake watatoka wapi?" Baba mdogo akanigeukia mimi. Moyo ulinipiga! Nikasema, "Mama, kwetu mahari ni ya mwanamke mwenyewe. Yangu niliyashika kwa mkono wangu, na mwanangu atayashika yake. Hatauzwa kwa ng'ombe, kwa hiyo hana cha kuongezewa thamani." Nikamwambia pia kwamba wanazuoni walikutana Al-Azhar, Cairo, mwaka 2006, Mufti wa Misri wa wakati ule Sheikh Ali Gomaa akiwamo, wakatamka dhidi ya ukeketaji. Hilo la Cairo halikumgusa hata kidogo, naona. La mahari ndilo alilolirudia, kwa Kikurya, kwa mdogo wake. Halafu akamvuta mjukuu wake mapajani akaanza kumsuka.

Wifi alitoka nje.

Takwimu za taifa zinasema kwa mkoa wa Mara walikuwa wanawake 32 katika kila 100 mwaka 2015-16, na mwaka 2022 wakawa 28. Miaka saba ya uji na mazungumzo, wanne.

Kabla hatujaondoka, binti yangu alimuomba babu yake amfundishe ile ramani. Akaweka njia ya kutoka barabarani, kisima, na mwembe. Akataka kuandika jina la bibi yake, babu akamkataza, majina ya watu hayaandikwi.

Mavyaa hunipigia kila Ijumaa, Alhamdulillah. Wifi hapokei simu zangu mpaka leo. Ana binti wawili, mkubwa ametimiza miaka 11 mwezi uliopita, na mwaka unaogawanyika kwa mbili hurudi. Namba ya dawati ninayo. Njia ya kufika kwao, baba mdogo ameshaichora.